Watu wa Nguo Moja

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Paredi saa moja na nusu. Wachelewaji kumi na mmoja, mashati nje wawili, na Wankyo wa Kidato cha Nne, aliyekamatwa anasoma riwaya kipindi cha hesabu. Huu ni mwaka wangu wa tisa kama mwalimu wa nidhamu. Hakuna aliyewahi kunishukuru.

Utaratibu wangu unajulikana. Bendera inapanda, wimbo unaimbwa, majina yanasomwa, aliyetajwa anatoka mbele, shule nzima inahesabu fimbo kwa sauti. Kuhesabu nilikuanzisha mimi, ili mzazi asije akadai mtoto wake kapigwa kumi wakati kapigwa nne. Haki ya wazi. Shule za jirani hazina kitu hicho.

Msichana huchapwa na mwalimu wa kike. Nikampa fimbo Madamu Petronila, mwenzangu wa fasihi, mwaka wa pili tu kazini, anakuja darasani amevaa viatu vya raba. Akaipokea, akaiegemeza kwenye mlingoti wa bendera, akasema ana kipindi. Mbele ya wanafunzi mia nne. Ikabidi nimchape Wankyo mwenyewe. Viganjani, nne. Baada ya ya pili aliuliza kama anaweza kubadilisha mkono. Nikamruhusu. Mimi si mnyama.

Saa ya chai, mkuu wa shule, Mwalimu Werema, akatangaza kongamano la walimu wa fasihi wa Musoma, Bunda na Butiama. Tarehe ishirini na tano, Musoma mjini. Mada: ukatili wenye utaratibu katika jamii za kubuni, kwenye riwaya za fantasia na kwenye filamu. Yaani watu ambao hawapo duniani, lakini wanapigana na kuuana kwa kanuni, kwa ngoma, kwa mavazi maalumu. Linganisha. Shule yetu itatoa wasemaji wawili, na walimu wa fasihi tuko wawili.

Kiti cha makamu mkuu wa shule kiko wazi tangu Faustine ahamishiwe Tarime. Mkuu alisema atakayeng'ara Musoma atamkumbuka kwenye barua yake ya mapendekezo. Alisema akiangalia dirishani, lakini dirisha liko upande wangu.

Petronila aliuliza kama anaweza kuwashirikisha Kidato cha Nne kwenye utafiti wake. Watoto. Nilicheka kwa ndani.

Jumanne, 15 Julai

Nimeazima riwaya moja ya fantasia kwa Petronila. Alinipa bila kusita, akaniambia nisikate tamaa kurasa za mwanzo. Dharau hiyo nimeiandika mahali.

Kurasa mia sita na kumi na mbili. Ramani mbele. Watu wana majina yenye herufi zisizotamkika. Nimefika ukurasa wa tisa, na hadi sasa hajapigwa mtu. Wanakula, wanaangalia mvua.

Mke wangu Tabitha, nesi wa zahanati hapa Kiabakari, aliuliza kwa nini nasoma kitabu nikiwa na rula. Nikamwambia napima kilichobaki. Akasema, "Baba Judith, si useme tu hujui mada?" Mtu akishazoea kuchoma watu sindano, mdomo nao unafuata.

Nimepata njia. Mada inataja filamu. Jumamosi nakwenda Bunda.

Jumamosi, 19 Julai

Bunda. Jua kali, pamba imejaa kwenye magari, vumbi mpaka kwenye meno. Nyuma ya soko kuna kibanda umiza cha Masanja. Mabenchi ya mbao, turubai jeusi, televisheni kubwa. Masanja mwenyewe hukaa pembeni na kipaza sauti, anatafsiri filamu za nje moja kwa moja. Kikorea, Kichina, Kihindi, chochote. Hajui hata moja kati ya lugha hizo. Ila sauti anayo.

Nimetazama filamu tatu, kalamu mkononi. Watu walinitazama mimi.

Ya kwanza: Ufalme wa Mashimo. Mfalme akifa, vijana wawili wanafungwa mnyororo mmoja kwenye vifundo vya miguu, wanashushwa shimoni, wanamwagiwa majivu. Ngoma inapigwa mara saba. Anayetoka ndiye mfalme. Masanja alieleza kuwa chanzo ni ng'ombe wa wizi.

Ya pili: nchi ya theluji. Koo mbili zikigombana, kila ukoo unatoa binti mmoja. Mabinti wanashika kaa la moto. Atakayeliachia, ukoo wake umeshindwa. Masanja alisema nako ni ng'ombe, ila hawa ni wa mahari.

Ya tatu ndiyo bora. Wanawake waliovaa nyeupe wanampeleka msichana mtoni. Wanalia. Mzee ana kisu cha fedha. Masanja akateremsha sauti, akasema huyu anakwenda kuchinjwa kwa mungu wa mto anayeitwa Bwana Kiu. Mzee anainua kisu, na umeme ukakatika.

Nikangoja saa moja. Umeme haukurudi. Nikamuuliza Masanja mwisho wake.

"Alichinjwa, mwalimu," akasema. "Anachinjwaga kila mwaka."

Nikaandika.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada nimekaa na makala mpaka jioni. Imekuja vizuri kuliko nilivyotegemea.

Nimegundua jambo ambalo Petronila hataligundua na kurasa zake mia sita. Katika jamii zote tatu, anayeumiza hana hatia. Duara limechorwa, ngoma imepigwa, kanuni imesomwa. Mkono ni wake ila kosa ni la utaratibu. Akimaliza anakwenda kula na familia yake. Nimeandika: "Cha kustaajabisha kwa watu hawa wa kubuni ni kwamba hawajioni." Nikapiga mstari chini yake.

Tabitha aliisoma sentensi hiyo akiwa amesimama na sufuria ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Akauliza inamhusu nani. Nikamwambia haimhusu mtu, hao watu hawapo. Akaisoma tena. Akaenda kupakua ugali.

Lakini jamii tatu hazitoshi. Nasikia Petronila ana nne.

Jumatatu, 21 Julai

Paredi. Waliochapwa tisa. Hesabu ilikuwa nzuri, Kidato cha Kwanza wanaanza kushika mdundo.

Leo nilifanya jambo la kiutawala. Nilimwambia mkuu kwamba ratiba ya zamu ina kasoro, na kwamba wiki hii kwa haki ni zamu ya Madamu Petronila. Mwalimu wa zamu haruhusiwi kutoka shuleni. Kongamano ni Ijumaa. Sikuongeza neno.

Mkuu akafungua daftari la zamu, akafuatisha kwa kidole. Akasema nina haki, kasoro ipo. Kumbe zamu ya wiki hii ni yangu, niliruka mwezi wa tano nilipoumwa jino. Kwa hiyo nashika zamu Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa atanishikia yeye mkuu kwa simu.

Siku nzima nimegonga kengele, nimehesabu mifagio, nimesimamia uji. Petronila alipita na vitabu vyake, akanipa pole. Alimaanisha. Hilo ndilo linaloudhi.

Jumatano, 23 Julai

Zamu ina faida yake. Mwalimu wa zamu ndiye hufunga ofisi.

Saa kumi jioni niliingia chumba cha walimu kufunga madirisha. Kwenye mashine ya kuchapia kulikuwa na karatasi moja imebaki. Haina jina. Petronila ndiye aliyechapa mwisho, nilimwona. Nikasoma nikiwa nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena.

Nainakili hapa yote:

"Watu wa Nguo Moja. Kila siku inayofuata siku ya Mungu, watu hawa hukusanyika mapema, wote wamevaa nguo za rangi moja. Huitwa na gurudumu la chuma linaloning'inia, linalogongwa kwa nondo. Hupandisha kitambaa kwenye mti usio na matawi, wakakiimbia. Kisha mtu mwenye vumbi jeupe mikononi husoma majina. Anayetajwa hutoka. Haulizwi kitu. Anapopigwa, wote huhesabu, na wadogo ndio wanaohesabu kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu bado hawajatajwa. Msichana mmoja aliomba abadilishe mkono. Mwenye vumbi akamruhusu, na uso wake ukapoa, kwa kuwa alidhani hiyo ndiyo huruma. Baada ya hapo wote huingia ndani kujifunza."

Nilisisimka. Ndiyo ile riwaya. Kumbe baada ya ukurasa wa tisa mambo yanapamba moto hivi. Mwandishi ana akili ya kutisha, lazima mtu wa nchi za baridi.

Nimeikunja, nimeiweka mfukoni. Sijaiba. Karatasi iliyoachwa kwenye mashine ya shule ni ya shule.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeifanya jamii ya nne, na ndiyo kilele cha makala. Uchambuzi wangu:

Gurudumu la chuma ni jua. Watu hawa wanaabudu jua. Mti usio na matawi ni mti mtakatifu uliouawa kwa moto. Kitambaa ni ngozi ya adui wa kwanza. Vumbi jeupe ni majivu ya mababu, maana yake mchapaji anajipaka wafu ili ajione hana hatia.

Kuhusu mchapaji nimeandika ukurasa mzima. Nimemwita mtu mdogo aliyepewa kijiti akadhani ni mkuki. Nimesema katika jamii zote nne huyu ndiye wa chini kabisa, kwa sababu wale wa shimoni nao wanaweza kufa, lakini huyu hafi wala haumii, anakwenda chai. Nimesema mbele ya msichana yule ndipo tunamwona alivyo. Ni sehemu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikiisoma kwa sauti nywele zinanisimama.

Petronila alizunguka chumba cha walimu akitafuta kitu. Akachungulia chini ya meza. Akauliza kama kuna aliyeona karatasi. Nikamwambia mwalimu wa zamu ana kazi nyingi.

Ijumaa, 25 Julai

Naandika nikiwa nyumbani.

Tulifika Musoma saa mbili na nusu kwa gari la mkuu. Ukumbi uko karibu na ziwa, upepo unaingiza harufu ya dagaa. Walimu kama sitini. Mwenyekiti alikuwa Mama Marcelina, mwalimu mstaafu, miwani imefungwa kamba, sauti ya taratibu. Miaka thelathini na nane darasani. Nilimwamkia shikamoo mara mbili ili anikumbuke. Mimi nilikuwa msemaji wa tatu, Petronila wa nne.

Nilianza vizuri. Ufalme wa Mashimo ulipokelewa kwa ukimya wa heshima. Kwenye nchi ya theluji mtu mmoja aliuliza ng'ombe wa mahari wanakula nini kwenye barafu. Nikamjibu hiyo ni fantasia. Kwenye Bwana Kiu, mwalimu wa Bunda alinyoosha mkono akasema filamu hiyo anayo nyumbani, na yule msichana hachinjwi. Anaolewa. Kisu ni cha kukatia nywele, na wanawake wanalia kwa sababu ni harusi. Wakacheka. Nikamwambia kuna tafsiri mbalimbali. Akasema tafsiri ipi, mwishoni wanakula keki.

Nikaruka haraka kwenye jamii ya nne.

Nilipofika kwenye gurudumu la chuma, wakacheka tena. Nikadhani ni kicheko cha keki kinaisha. Nikaeleza habari za kuabudu jua. Wakacheka zaidi, wengine wanapiga meza. Nikaeleza mti usio na matawi. Mwalimu mmoja mama alijifunika uso kwa kanga. Mkuu wangu, mstari wa mbele, alikuwa ameshika paji la uso kama mwenye malaria.

Nikasoma juu ya kuhesabu, na juu ya wadogo kuhesabu kwa sauti kubwa zaidi. Hapo kicheko kikakatika. Nikasoma habari za msichana na mkono wake. Nikasoma ukurasa wangu wote juu ya mchapaji, mtu mdogo aliyepewa kijiti, kwa ile sauti niliyofanyia mazoezi. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia feni. Nikafikiri, sasa nimewapata.

Mama Marcelina akauliza jamii hiyo nimeitoa kitabu gani. Nikasema riwaya ya ng'ambo, haijatafsiriwa.

Kutoka nyuma mtu akasema, "Mwalimu, hata kwetu gurudumu lipo. La lori."

Nikataka kumjibu. Nikainua mkono. Nikaona mkono wa koti langu. Ulikuwa na chaki.

Nikaushusha. Niliwaona wote wakiwa wamevaa makoti yenye chaki. Nilimwona Petronila, hacheki, ananitazama mfukoni, mahali karatasi ilipokuwa inachungulia. Kama angesimama wakati ule na kusema neno moja, nilikuwa nimekwisha. Hakusimama.

Aliyesimama ni Mama Marcelina. Alivua miwani. Akasema amekaa darasani miaka thelathini na nane, na amechapa watoto ambao leo ni wazee, na hajawahi kusikia mwalimu akijisema namna hii mbele ya wenzake. Akasema nimejificha nyuma ya jamii ya kubuni kwa sababu vinginevyo nisingeweza kufungua mdomo, na yeye anaelewa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwenye vumbi ni wewe, mwanangu?"

Nilikuwa na njia mbili. Nikachukua iliyo karibu.

"Ni mimi," nikasema.

Wakasimama. Makofi. Yule wa keki naye alipiga. Mwalimu mmoja wa Mugeta alikuja kunikumbatia, analia, anasema hata yeye. Nikatoa leso nikajipangusa, kwa kuwa ilionekana ndicho kinachosubiriwa. Baada ya muda nikahisi machozi yenyewe yanakuja. Nilikuwa nimeguswa na jinsi nilivyoguswa.

Petronila alipoitwa, alikwenda mbele, akakunja karatasi zake, akasema jamii tatu za kwanza kwenye makala yake wanaweza kuzisoma wenyewe, na ya nne imeshasomwa. Akarudi kukaa. Wiki mbili za kazi. Ni kosa lake, mtu hujiandaa na jamii ya akiba.

Nje, karibu na magari, alinifuata.

"Mwalimu Machage," akasema, "ile karatasi si yangu. Na si yako."

Nikauliza ni ya nani. Akasema hilo hatanijibu hata akiulizwa na afisa elimu. Akarudi Kiabakari kwa basi. Nafasi kwenye gari la mkuu ilikuwepo.

Mkuu aliendesha mpaka njia panda ya Butiama. Hapo ndipo akasema, "Mura, kijana wangu, umejivua nguo mbele ya wilaya tatu na watu wamekupigia makofi. Sijui nikufanye nini." Kisha akasema fimbo na daftari lake Jumatatu vikae ofisini kwake, na mimi nitafute njia nyingine ya nidhamu, kwa sababu baada ya maneno yale hakuna mtu atakayeelewa akiniona nimeshika kijiti. Barua ya umakamu ataifikiria.

Ataifikiria. Hajasema hapana.

Jumapili, 27 Julai

Nimemweleza Tabitha habari za Musoma, makofi na yote. Alikuwa anakunja sare zake za kazini. Akauliza, huyo msichana wa mkono yupo?

Nikamwambia ni mhusika tu. Nikiwa bado nasema, nikakumbuka. Wiki mbili zilizopita. Viganja. Ya pili, halafu swali lake dogo, kwa sauti ya mtu anayeomba kufungua dirisha. Nikakumbuka pia kwamba uso wangu ulipoa kweli, na kwamba siku ile nzima nilijisikia mtu mwema.

Wankyo. Kidato cha Nne. Wale watoto wa utafiti.

Tabitha alinitazama akaelewa bila kuambiwa. Akakaa kitandani na ile sare mapajani.

"Kwa hiyo umesoma mbele za watu uliyomfanyia mtoto," akasema, "kwa maneno yake mwenyewe, ukapigiwa makofi wewe. Yeye anajua?"

Nikasema hajui. Akasema basi kesho niende nimwambie, na nimwombe msamaha, si paredi, pembeni, kama mtu na mtu. Akasema zahanati yake imeona viganja vya watoto wengi, na hakuna mmoja aliyewahi kumwambia alijifunza nini.

Nilikaa na jambo hilo karibu saa nzima. Kusema kweli liliniuma. Nilifika hata kuandika kwenye kipande cha karatasi: Wankyo, nilikukosea. Nikaitazama. Mwandiko ulikuwa mbaya. Kisha nikaanza kufikiri. Mwanafunzi kaandika habari za ndani ya shule. Kaziandika bila kibali. Kampa mwalimu akazichapa kwa wino wa shule. Zimesomwa mbele ya wilaya tatu. Ni nani basi aliyeleta aibu hii yote?

Na kama angeandika jina lake juu, nisingeichukua. Hilo nalo ni la kwake.

Jumatatu, 28 Julai

Nidhamu mpya imeanza. Bila fimbo. Nimeibuni mwenyewe jana jioni, kwa kufuata roho ya Musoma. Kama mimi nilikiri mbele ya watu nikainuliwa, basi na wanafunzi wakiri mbele ya watu. Anayetajwa anatoka, anasimama katikati, anasema kosa lake kwa sauti, anasema yeye ni mtu wa namna gani, shule nzima inamjibu: tumekusikia. Mara tatu. Hakuna anayeguswa. Ni ya kisasa kabisa.

Nilianza na Wankyo. Kosa: kuandika habari za shule bila kibali. Nilimfikiria pia yeye mwenyewe. Mtu anayependa kuandika apewe nafasi ya kusema.

Alitoka. Akasimama nilipomwonyesha. Nikamwambia akiri. Akanyamaza. Nikamwambia tena, kwa upole wa Mama Marcelina. Akanyamaza, mikono kando, anatazama mbele kama mtu anayengoja gari. Nikawaambia shule waanze tu kujibu, pengine atapata moyo. Tumekusikia. Kidato cha Kwanza wakasema mara moja, wachache, wakaacha.

Ndipo Petronila akatoka kwenye mstari wa walimu na raba zake, akaenda akasimama sambamba na Wankyo. Hakumshika. Alisimama tu. Na Kidato cha Nne, sijui nani aliwaambia, wakageuka. Wote. Wakatugeuzia mgongo. Kidato cha Tatu wakageuka, kisha cha Pili. Wadogo walitazamana kidogo, halafu nao wakageuka. Migongo mia nne, yote inaangalia barabara ya Musoma.  Malori yalikuwa yanapita.

Mkuu alitoka ofisini, akaona, akasema kwa sauti ndogo paredi iishe. Akaniambia nimfuate. Huko ndani alizungumza muda mrefu juu ya barua, na jina lililokuwa kwenye barua si langu. Ni la mtu wa raba. Sikusikiliza sana, nilikuwa nafikiria paredi.

Nimelichambua suala kwa utulivu. Wankyo ni mfupi. Akisimama chini, wa mistari ya nyuma hawamwoni, na mtoto asiyeona hupoteza hamu, hugeuka kuangalia malori. Ni jambo la kitaalamu tu. Mchana nimezungumza na fundi seremala wa pale njia panda. Jukwaa dogo la mbao, ngazi mbili, kimo cha kiuno. Atalimaliza Ijumaa. Nimemwambia aweke na kamba kuzunguka, rangi nyekundu, ili paonekane mahali penye heshima.

Amekubali. Aliuliza ni la nini. Nikamwambia ni la watoto.